Moshi wa Dizeli na Haki ya Mwenye Lori

Mhadhara kwa wenye malori, madereva, mafundi na wanafunzi wa ufundi wa magari, Dar es Salaam



Tarehe 19 Julai 2016, mjini Brussels, Tume ya Ulaya iliwatoza faini watengenezaji wa malori ambao majina yao mnayaona kila siku kwenye foleni ya kutoka bandarini: Daimler mwenye Mercedes-Benz, DAF, Iveco, na Volvo pamoja na Renault Trucks. MAN naye alikuwemo, lakini akasamehewa faini kwa kuwa ndiye aliyefichua siri. Jumla ilikuwa euro bilioni 2.93. Mwaka uliofuata Scania, aliyekuwa amekataa kumaliza shauri kwa makubaliano, akatozwa peke yake euro milioni 880. Kosa lao lilidumu miaka 14, kuanzia 1997 hadi 2011. Walikuwa wakiwasiliana na kupatana kuhusu bei za kiwandani, na hilo pekee lingetosha kuwatia hatiani. Lakini walipatana pia juu ya mambo mawili yanayotuhusu sisi leo: lini kila mmoja ataanza kuuza teknolojia ya kupunguza moshi, na jinsi gharama ya teknolojia hiyo itakavyopelekwa kwa mnunuzi, kuanzia kiwango cha moshi cha Euro III mpaka Euro VI.

Tume haikuwashtaki kwa kudanganya kuhusu moshi wenyewe. Iliwashtaki kwa kukubaliana wao kwa wao namna ya kumbebesha mteja gharama za kuusafisha. Malori waliyoyauza miaka ile sasa yamechoka Ulaya, na yakichoka Ulaya huja kwetu. Yako hapa. Yanapanda mlima Kitonga na mzigo wa shaba na mbolea, yanalala Tunduma yakisubiri kuvuka kwenda Zambia na Kongo.

Nalisema hili mapema kwa sababu najua lawama zinavyokwenda. Mwenye lori akilalamika kuhusu taa ya injini isiyozimika, sensa zinazokufa moja baada ya nyingine, na AdBlue, yale maji ya urea ya kusafishia moshi, anayoikosa akiwa katikati ya safari, huonekana mtu asiyejali mapafu ya wenzake. Akienda gereji akazimiwa mfumo mzima, huitwa mchafuzi. Mimi nimefundisha injini za dizeli kwa miaka mingi, na msimamo wangu ni huu: moshi wa dizeli unaua, na sheria ya kuupunguza ni ya haki. Lakini karibu kila ilipotungwa, sheria hiyo imembana mtu wa mwisho, yule mwenye lori la mkopo na mzigo wa watu, ikamwacha bila uwezo wa kutengeneza kile alicholazimika kununua. Sheria ya namna hiyo huvunjwa. Imevunjwa Marekani, imevunjwa Ulaya, na hapa inavunjwa kabla hata haijaanza kutumika sawasawa.

Tuanze na moshi wenyewe, maana bila huo hakuna haja ya kuzungumza. Juni 2012, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliutoa moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyodhaniwa kusababisha saratani, ikauweka kwenye kundi la kwanza, pamoja na asbesto na tumbaku. Sehemu kubwa ya ushahidi ilitoka kwa wachimbaji waliofanya kazi na mitambo ya dizeli chini ya ardhi, na kwa wafanyakazi wa kampuni za malori. Kwa hiyo wazee wangu, mnaposikia habari za afya msidhani zinamhusu mtu wa mbali. Wa kwanza kuvuta moshi wa lori ni dereva anayelala ndani ya kebini huku injini ya jirani ikinguruma, na utingo anayesimama nyuma ya gari akilielekeza lirudi. Baada yao ni mama lishe wa kando ya Barabara ya Mandela, ambako malori ya bandarini hupita mchana na usiku, na mtoto aliyembeba mgongoni.

Sumu zilizomo ni nyingi, ila sheria hushughulika hasa na mbili. Ya kwanza ni masizi, yale meusi mnayoyaona gari likikanyagwa mafuta mlimani. Ya pili ni oksidi za nitrojeni, ambazo kwa kiasi kinachotoka kwenye ekzosi macho hayazioni. Huunguza njia za hewa, huwachokoza wenye pumu, na zikikaa juani husaidia kutengeneza ozoni ya chini, ambayo nayo ni sumu. Naomba mlikumbuke hili la sumu isiyoonekana, tutalirudia tukifika gereji.

Shida ya mhandisi ni kwamba sumu hizi mbili zinapingana. Dizeli ikiungua kwa joto kali inaungua vizuri, masizi yanapungua na mafuta yanatumika kidogo, lakini joto hilohilo huunganisha nitrojeni na oksijeni za hewani na kuzaa oksidi. Ukipoza moto ndani ya silinda, oksidi zinapungua na masizi yanaongezeka. Ukibana huku, inatokea kule. Sheria za Ulaya zikaendelea kubana pande zote mbili kwa pamoja. Mwaka 1992, kwa Euro I, lori liliruhusiwa kutoa gramu 8 za oksidi za nitrojeni kwa kila kilowatisaa ya kazi ya injini. Euro II ya 1996 ikashusha hadi 7, Euro III ya 2000 ikafika 5, Euro IV ya 2005 ikawa 3.5, na Euro V ya 2008 ikawa 2. Kisha Euro VI, iliyoanza mwishoni mwa 2012, ikashuka kwa kishindo hadi chini ya nusu gramu. Hakuna injini ya kawaida inayofika huko kwa kuungua vizuri tu. Ndiyo maana tangu Euro IV vilianza kuongezwa vifaa nje ya silinda, na hapo ndipo tabu yenu ilipozaliwa.

Wengine, hasa Scania na MAN, walianza kwa kurudisha sehemu ya moshi ndani ya injini baada ya kuupoza, ili moto upungue ukali. Huo ndio mfumo wa EGR. Unapendwa na wengi hapa kwa sababu hauhitaji tangi la pili, ila vali yake hushika masizi ikakwama, na kile kifaa cha kupoza moshi kikipasuka maji ya rejeta huingia kusikotakiwa. Volvo, DAF na Mercedes wakachukua njia nyingine: acha moto uwe mkali, injini ile mafuta kidogo, halafu oksidi zikamatwe kwenye ekzosi. Huo ni mfumo wa SCR, na chakula chake ni AdBlue, ambayo ni asilimia 32.5 ya urea safi na yaliyobaki ni maji yaliyoondolewa madini. Inanyunyizwa kwenye moshi wa moto, urea inageuka amonia, amonia ikikutana na oksidi juu ya kichocheo vinabaki nitrojeni na maji tu. Kwa kawaida lori hutumia lita 4 hadi 6 za AdBlue kwa kila lita 100 za dizeli. Kikemia ni jambo zuri kabisa, na sijawahi kuchoka kulifundisha.

Euro VI ikaongeza chujio la masizi, DPF. Linafanya kazi kama kifumbu cha tui: moshi unapenya, chicha inabaki. Tofauti ni kwamba hakuna anayekuja kukung'uta. Chujio hujisafisha lenyewe kwa kuyachoma masizi, na kwa hilo linahitaji joto la karibu nyuzi 600. Lori linalokwenda mwendo mrefu wa kasi hulifikia joto hilo kwa kuongeza mafuta kidogo. Lori linalosogea hatua kwa hatua kwenye foleni ya mpakani, injini ikiwa haizimwi siku nzima kwa sababu ya kiyoyozi au breki za upepo, halifiki huko kamwe. Linajaza masizi tu. Waliolitengeneza walikuwa na barabara kuu za Ujerumani vichwani mwao.

Sasa nifike kwenye kiini cha ugomvi. Wenye kutunga sheria waliona mapema kwamba AdBlue ni gharama isiyomletea mwenye lori faida yoyote ya moja kwa moja. Tangi likikauka, gari linakwenda vilevile. Kwa nini basi anunue? Wakaamua kuilazimisha injini imlazimishe mtu. Kwa Euro V, lori lenye uzito unaozidi tani 16 likitoa oksidi kupita kiasi kilichowekwa, kompyuta hupunguza nguvu ya kuzungusha kwa asilimia 40. Kwa Euro VI inaanza kwa kupunguza robo, na onyo lisiposikilizwa gari hatimaye hutambaa kwa kilomita 20 kwa saa. Marekani waliruhusu lishuke hadi maili 5 kwa saa, mwendo wa mtu anayekimbia polepole.

Hoja yao ilikuwa na mantiki. Bila kibano hicho watu wangejaza maji ya bomba, na wapo waliofanya hivyo. Kosa liko hapa: kompyuta haitofautishi tajiri aliyeamua kutonunua AdBlue na tajiri aliyeinunua, akajaza tangi, kisha sensa ya kupima ubora wake ikafa. Wote wawili wanahukumiwa sawa. Sensa yenyewe hutoshea mkononi, na lori lenye tani 30 mgongoni linasimama kwenye kona za Kitonga kwa sababu yake. Dereva anampigia simu tajiri, tajiri anampigia fundi, fundi anasema anahitaji kompyuta ya kampuni ambayo hana, na mwenye mzigo anahesabu siku. Mtu aliyefuata sheria ndiye anayeadhibiwa zaidi, maana aliyeizima hana sensa ya kufa.

Nataka tukae kidogo Marekani, kwa sababu wao waliyaishi haya mapema na kumbukumbu zao ziko wazi.

Mwaka 1998 serikali ya Marekani ilifikia makubaliano na watengenezaji saba wa injini za malori, wakiwemo Caterpillar, Cummins, Detroit Diesel, Mack na Volvo. Ilibainika kwamba injini zipatazo milioni 1.3 zilikuwa na programu iliyozifanya zipite kipimo cha maabara, lakini zikifika barabara kuu zinabadilisha mpangilio ili kuokoa mafuta, na kumwaga oksidi kupita sheria. Faini ilikuwa dola milioni 83.4, na ukijumlisha gharama walizotakiwa kuzibeba jambo zima lilikadiriwa kufikia dola bilioni moja. Lilikuwa shauri la madai. Lilimalizika mezani. Moja ya masharti ilikuwa kuharakisha kiwango cha mwaka 2004 kianze Oktoba 2002, na wenye malori, wakihofia injini ambazo hazijajaribiwa, wakakimbilia kununua za zamani kabla ya tarehe hiyo.

Kisha wakafanya jambo moja kwa usahihi mkubwa, nami nawapongeza. Walipopanga kiwango kikali cha 2007 na 2010, kilichokata masizi na oksidi kwa zaidi ya asilimia 90, walianza na mafuta. Mwaka 2006 dizeli ya barabarani ikaanza kushushwa salfa hadi sehemu 15 kwa milioni, ndipo machujio yakafuata. Mafuta kwanza, vifaa baadaye.

Ila hawakumlinda mnunuzi dhidi ya makosa ya mtengenezaji. Navistar, mwenye malori ya International, aliamua kukitimiza kiwango cha 2010 kwa kurudisha moshi peke yake, bila urea. Njia hiyo ilishindwa, na 2012 kampuni ikasalimu amri na kuhamia SCR. Wakati huo maelfu ya watu walikuwa wameshanunua malori yenye injini za MaxxForce za muundo ule. Wakashtaki kwa pamoja, na mwaka 2019 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 135. Hesabuni miaka. Mtu aliyenunua lori 2011 akalazwa gereji wiki kwa wiki, alisubiri miaka minane kuahidiwa fidia, na wengi walio na lori moja au mawili hawana pumzi ya miaka minane.

Katikati ya uchungu huo ikazaliwa biashara ya kuzima mifumo. Sheria ya Hewa Safi ya Marekani inakataza kuchezea vifaa vya kupunguza moshi, na mafundi wenye kompyuta ndogo ya mkononi wamefikishwa mahakamani kwa jinai, wengine wakapelekwa jela. Nikilinganisha hilo na namna kampuni saba zilivyomaliza shauri lao la injini milioni 1.3, naona mizani imeelemea upande mmoja. Sisemi fundi hakukosea. Nasema adhabu ilipanda kadiri mkosaji alivyokuwa mdogo.

Agosti 2025 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilikubali hadharani kwamba kibano cha nguvu kimepita kiasi. Ikawataka watengenezaji warekebishe programu za magari yaliyopo ili mwenye gari apate muda wa kutengeneza kabla ya kubanwa, na ikasema malori mapya ya dizeli ya kuanzia mwaka 2027 yasipoteze nguvu ghafla AdBlue inapokwisha. Imewachukua miaka 15 kukubali kwamba anayesimamishwa njiani si lazima awe mkaidi.

Kuna somo la pili, nalo limetoka Korea Kusini. Oktoba 2021 China ilibana uuzaji wa urea nje. Korea ilikuwa inategemea China kwa karibu urea yake yote ya viwandani, na malori yake mengi ya dizeli yalihitaji maji yale ya AdBlue. Ndani ya wiki chache watu walikuwa wanapanga foleni na madumu, na Novemba serikali ikatuma ndege ya jeshi kwenda Australia kuleta lita 27,000. Ndege ya jeshi, kwa ajili ya maji ya ekzosi! Nchi yenye viwanda vikubwa vya magari duniani ilikuwa imetunga sheria iliyotegemea bidhaa ambayo haikuidhibiti. Sisi nasi tukitunga sheria itakayofanya kila lori lihitaji urea, tuulize urea hiyo inatoka wapi. Urea hutengenezwa kwa gesi asilia. Gesi ya Songo Songo inafika Dar es Salaam kwa bomba tangu 2004, na Mtwara kuna ya Mnazi Bay. Malighafi tunaikanyaga.

Nirudi nyumbani sasa. Tarehe 1 Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Kenya ilikuwa imekubali hadi 500. Ilikuwa hatua kubwa, na haikusifiwa inavyostahili. Mwaka 2022 Jumuiya ikapitisha kiwango cha pamoja cha moshi wa magari kinacholenga ngazi ya Euro 4. Kwa maandishi, mafuta ya sehemu 50 na Euro 4 vinaendana vizuri. Tatizo ni kwamba malori yanayoshuka bandarini hayasubiri ngazi yetu. Ulaya inauza ilichonacho, na ilichonacho leo kinazidi kuwa Euro VI.

Hapa naomba mafundi wanisikilize kwa makini. Malori mengi ya Euro V ya Ulaya yenye SCR hayana chujio la masizi, na vichocheo vyake vingi vilitumia vanadiamu, ambayo inavumilia salfa. Euro VI ina chujio, na vichocheo vyake vingi ni zeolaiti yenye shaba, ambayo salfa huichosha. Euro VI ilitengenezwa kwa dizeli ya sehemu 10, ambayo Ulaya imeilazimisha tangu 2009. Yetu, kwa kiwango kile cha 2015, ni 50, tena hiyo ni ya kwenye karatasi. Mnakumbuka zama za kuchakachua, mafuta ya taa yalipochanganywa kwenye dizeli kwa sababu ya tofauti ya kodi, mpaka EWURA, mdhibiti wa nishati, ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 na serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa 2011. Kenya nayo ilibidi iweke tozo yake ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 kwa sababu hiyohiyo. Uchakachuaji umepungua, lakini kidumu cha kando ya barabara hakijaisha, na chujio la Euro VI halisamehi hata tangi moja.

Halafu kuna joto. AdBlue ni bidhaa inayoharibika. Ikihifadhiwa kwa nyuzi 25 hukaa mwaka na nusu. Kwa nyuzi 30 hukaa mwaka mmoja. Kwa nyuzi 35 ni miezi sita tu. Dumu lililokaa nje ya duka Chalinze juani tangu Krismasi linaweza kuwa limekufa ifikapo Saba Saba, hata kama halijafunguliwa. Mteja analijaza kwa nia njema kabisa, sensa inalikataa, taa inawaka. Na yule anayekoroga mbolea ya shambani kwenye maji ya kisima ili aokoe fedha, namwambia kwa upendo: urea ya mbolea ina viambata ambavyo kichocheo hakivitaki, na maji ya kisima yana chokaa. Utaziba nozeli kwanza, kisha utaua kichocheo, ambacho bei yake unaijua.

Kwa mazingira hayo, simshangai mwenye lori anayekwenda kuzimiwa. Fundi anachomeka kifaa kidogo kinachoidanganya kompyuta kwamba AdBlue inanyunyizwa, au anaandika upya programu. Taa inazimika, nguvu inarudi, ulaji wa mafuta haubadiliki. Wote wanaondoka wameridhika. Kilichobaki hakionekani, na hapa ndipo ile sumu ya pili inaporudi. Injini ya SCR iliwekwa makusudi iungue kwa moto mkali kwa kuwa urea ingesafisha baadaye. Ukiizima urea na kuuacha moto, lori lililosajiliwa kama Euro V linaweza kutoa oksidi kwa kiwango cha lori la mwaka 1992. Moshi wake hautaonekana kwa macho. Kipimo cha weusi wa moshi kikiwekwa kwenye ekzosi kitalipitisha kwa heshima, wakati Fuso chakavu ya jirani, yenye masizi, itaandikiwa faini. Ulaya wenyewe walikwama hapo. Ubelgiji mwaka 2022, na Uholanzi na Ujerumani 2023, walilazimika kuacha kutegemea kipimo cha weusi kwa magari yenye chujio na kuanza kuhesabu chembe, kwa sababu magari mengi yaliyong'olewa machujio yalikuwa yanapita.

Jambo linaloniuma zaidi ni hili. Kanuni ya Ulaya ya mwaka 2009 iliyoanzisha Euro VI inamlazimisha mtengenezaji kuwapa mafundi huru, wasio wa kampuni yake, taarifa za ukarabati na za mfumo wa kompyuta wa gari. Fundi wa kijijini Poland anaweza kuzidai. Lori hilohilo likivuka bahari, haki hiyo haivuki nalo. Kijana wa gereji ya Tandale au Mwanjelwa, mwenye akili na mikono kama ya yule wa Poland, anabaki na programu ya wizi aliyoipata kwa mtu, ambayo inajua kuzima lakini haijui kurekebisha. Tumemnyima funguo ya kutengeneza, ile ya kubomoa ikamfikia yenyewe. Kisha tutamkamata kwa kubomoa.

Kwa hiyo wanaoandaa kanuni za kutekeleza kiwango cha Jumuiya, na najua baadhi yao mmo humu ndani, nawaomba haya. Msianze na fundi wala na trafiki wa barabarani. Anzeni na anayeleta gari. Kampuni inayouza au kusambaza lori lenye kompyuta ya moshi katika soko letu, jipya au kuukuu, itakiwe kutoa kwa fundi yeyote aliyesajiliwa taarifa zilezile anazopewa fundi wa Ulaya, kwa bei inayolipika. Soko la nchi moja ni dogo kulazimisha hilo, la Jumuiya nzima si dogo. VETA, mamlaka ya ufundi stadi, na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji vipewe mashine za kupimia na malori halisi ya Euro V na VI ya kufundishia, maana mwanafunzi anayehitimu leo bila kugusa pampu ya AdBlue atafundishwa na mtu wa kuzima.

Shirika la Viwango, TBS, lipime AdBlue madukani kama linavyopima maji ya kunywa, na tarehe ya kutengenezwa iandikwe kwenye dumu kwa herufi zinazosomeka. Kibano cha nguvu kisiharamishwe, kwa sababu bila hicho maji ya bomba yatarudi. Kitolewe muda wa kutosha lori lifike kutoka Tunduma hadi Dar es Salaam, kilomita zaidi ya 900, likiwa na nguvu ya kupanda mlima, pale ambapo hitilafu ni ya sensa na tangi lina kitu. Na kabla ya yeyote kutaja Euro VI kama sharti, iwekwe tarehe ya dizeli ya sehemu 10. Tarehe ya mafuta itangulie tarehe ya magari, kama Wamarekani walivyofanya 2006.

Nanyi wenye malori mna sehemu yenu, tena si ndogo. Mkiagiza gari kuukuu, mwombeni muuzaji orodha ya hitilafu zilizomo kwenye kompyuta na picha ya dashibodi injini ikiwaka, taa zikionekana. Ulizeni kama ni EGR au SCR, na kama lina chujio. Ulizeni kama kuna kitu kiliwahi kuzimwa, maana mengine huzimwa kulekule Ulaya kabla ya kupakiwa melini. Kwa mafuta tuliyonayo sasa, Euro V isiyo na chujio itawatesa kidogo kuliko Euro VI, na sioni aibu kuwashauri hivyo ingawa hewa safi zaidi iko kwenye Euro VI. Hifadhini AdBlue kivulini, nunueni ya kutosha safari mbili au tatu na si ya mwaka. Madereva wafundishwe kutozima swichi kuu ya betri mara tu injini inapozimwa, kwa sababu mfumo huhitaji dakika chache kuirudisha AdBlue kutoka kwenye mirija hadi tangini. Ikikatizwa inaganda kuwa fuwele ndani ya nozeli, na asubuhi taa inawaka.

Na wale ambao malori yenu yameshazimwa, najua mko wengi humu ndani. Msiyang'oe matangi na vichocheo mkauza chuma chakavu. Hifadhini vifaa vyote, na mwombeni fundi awape nakala ya programu ya awali kabla hajaifuta. Siku taarifa za ukarabati zitakapopatikana, lori lenye vifaa vyake litarudishwa kwa kazi ya siku moja au mbili. Lililong'olewa halitarudi.